Bomba la Tatu la Antena

Usinigeuzie uso. Uliona. Ulipita nyuma ya karakana ya baiskeli siku ile mchomeleaji alipokuwa anasimamisha bomba la antena chini ya nyaya za umeme. Ulisema moyoni, "Mtu mzima huyo, anajua anachofanya." Ukaenda zako. Kabla hujafika kona, alikuwa amekufa. Halafu msibani ukasema siku zake zilikuwa zimefika.

Hazikuwa zimefika. Bomba ndilo lililofika, kwenye waya.

Miaka mitatu imepita, na mtaa umesahau. Mimi sijasahau. Nitakueleza habari za nyumba nyingine ya mtaa huohuo, uone jinsi ilivyobaki kidogo tu turudi makaburini.

Ni nyumba ya seremala. Ina vyumba vitatu. Chumba cha mbele mkewe ameweka cherehani, anashona sare na mapazia. Televisheni iko hapohapo, juu ya kabati alilolitengeneza seremala mwenyewe. Mbele ya televisheni kuna kiti, na kwenye kiti yuko mama yake seremala. Tumwite Bibi, maana mtaa mzima unamwita hivyo. Magoti yake yamekataa kazi. Hatoki nje ila kwa kushikwa mkono. Dunia yake yote iko ndani ya kile kioo.

Mwezi huo picha ilianza kukatika. Kwanza sauti ilikwaruza. Kisha picha ikawa vipande vya mraba. Kisha ikaganda kabisa.

"Mtazameni huyu msoma habari," Bibi alisema. "Jicho liko huku, mdomo uko kule. Amekatwakatwa kama nyanya."

"Mama, zima kidogo uwashe tena," mkwewe alisema bila kuinua mguu kwenye cherehani.

"Nimezima mpaka kidole kimeota sugu. Baba yake huyu angekuwa hai, saa hizi ningekuwa natazama. Lakini mwanangu ni fundi wa nyumba za wenzake."

Seremala alisikia. Alikuwa kwenye baraza anapiga randa. Maneno hayo aliyasikia kila siku, asubuhi na mchana, na kila siku yaliingia ndani zaidi kama skrubu.

Mtaani kwao kulikuwa na desturi moja. Picha ikikatika, mtu anaongeza bomba. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mabomba ya chuma yaliungwa moja juu ya jingine, yakafungwa kwa waya wa kufungia, na antena ikapandishwa juu. Aliyeongoza kwa urefu alikuwa muuza mkaa wa nyumba ya pili. Watu walimwita Jirani Mnara. Alilipenda jina hilo.

"Jirani, wewe una mabomba mawili tu," alimwambia seremala. "Mawimbi yanapita juu ya kichwa chako yanacheka. Ongeza la tatu. Nitakuja kukushikia ngazi."

Jumamosi asubuhi bomba la tatu lilikuwa limelala uani. Lilikuwa na urefu wa mita tatu. Ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani. Seremala alikuwa amekunja suruali, na Jirani Mnara ameshika ngazi.

Hapo ndipo fundi wa redio alipoingia. Ni mwanamke wa makamo, ana kibanda cha kutengeneza redio na simu karibu na soko. Alikuja kuchukua gauni lake kwa mshonaji, mke wa seremala. Aliona ngazi. Akainua macho, akaona nyaya za umeme. Gauni likamtoka akilini.

"Shuka," alisema.

"Dada, sijapanda hata vipandio viwili," seremala alisema.

"Shuka hivyohivyo. Ukishafika juu nitamwambia nani?"

Jirani Mnara alicheka. "Fundi, umekuja kushona au kutuamrisha? Hii ni kazi ya wanaume."

"Kazi ya wanaume ni kufa?" fundi aliuliza. Hakucheka. Alimgeukia seremala. "Wewe ukitengeneza meza, unapima mara ngapi?"

"Mara mbili. Mbao ikishakatwa hairudi urefu wake."

"Futi yako ya kupimia iko wapi?"

"Iko mfukoni."

"Pima basi. Anza hapa kwenye mguu wa nguzo ya antena, uende mpaka chini ya nyaya zile. Usiguse nguzo. Pima chini tu, ardhini."

Seremala alipima. Futi ilisoma mita nne.

"Na nguzo yenyewe, kutoka chini mpaka kwenye antena, ina urefu gani?"

Seremala alijua. Mabomba aliyanunua na kuyaunga mwenyewe. "Mita saba."

Aliinua macho kwenye antena. Mtu anayeishi kwa vipimo hahitaji kufafanuliwa zaidi. Nguzo ya mita saba, nyaya ziko mita nne. Ikianguka upande ule, inafika. Haisubiri bomba la tatu. Ilikuwa inafika tangu siku ya kwanza.

Futi ilijikunja yenyewe mkononi mwake kwa kishindo. Mkewe, aliyekuwa mlangoni, alishtuka.

"Miaka miwili," mkewe alisema taratibu. "Miaka miwili nguzo hii imesimama hapa. Waya wake unaingia dirishani. Unapita nyuma ya kiti cha mama."

Fundi aliinama, akaonyesha kwa kidole. Mguu wa nguzo ulikuwa umeliwa na kutu. Waya wa kuifunga kwenye paa ulikuwa umelegea. Upepo mmoja wa maana ungetosha.

"Ikigusa umeme," fundi alisema, "umeme haubaki juu. Unashuka kwenye bomba, unaingia kwenye waya wa antena, unakwenda mpaka kwenye televisheni. Aliyeshika bomba anakufa. Anayekimbilia kumvuta kwa mikono anakufa pia. Ikitokea, mtu asiguse kitu. Asiguse bomba, wala waya, wala mtu aliyeshika. Fukuza watu wakae mbali, pigia simu shirika la umeme."

Bibi alikuwa amesikia yote dirishani. "Mwanangu," aliita. Sauti haikuwa ile ya kila siku. "Njoo hapa nikuone."

Seremala alikwenda dirishani. Mama yake alimshika kiganja, akakigeuzageuza kama anatafuta jeraha.

"Mimi ndiye niliyekusukuma kwenye ngazi ile," alisema. "Kwa ajili ya msoma habari."

"Mama, si wewe."

"Ni mimi. Mdomo wangu huu."

Uani, fundi alimtazama Jirani Mnara. Yeye bado alikuwa ameshika ngazi, ingawa hakuna aliyeipanda.

"Na wewe," fundi alisema, "yule mchomeleaji alipewa na nani shauri la kuongeza bomba?"

Jirani Mnara alitazama chini.

"Nakuuliza kwa sababu nilifika pale nikiwa nimechelewa. Nilikuta ngazi imesimama vizuri. Ngazi haijishiki yenyewe, na bomba zito halipandishwi kwenye ngazi isiyoshikwa. Mtaa mzima ulisema alikuwa peke yake."

 Cherehani ilikuwa imenyamaza. Mshonaji aliweka mkono kinywani kabla mtu hajasema neno, kwa maana alishaelewa.

"Mimi," Jirani Mnara alisema. "Nilimwambia aongeze la tatu. Nilishika ngazi. Bomba lilipoyumba nikakimbia. Nikasema sikuwepo."

"Na leo umekuja kushika ya huyu," mshonaji alisema.

 Jirani Mnara aliiachia ngazi kana kwamba inaunguza.

Sasa nikuambie kitu. Watu watatu au wanne walijua. Walimwona akikimbia. Wakamfichia siri, wakaona wamemtendea wema. Siri hiyo nusura imzike seremala. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa maradhi yalifichwa na mtaa mzima.

Seremala alitaka kuing'oa nguzo saa ileile. Fundi akamzuia tena.

"Kuishusha nako ni kuihamisha hewani karibu na nyaya. Usiiguse. Watu wa umeme waje wakate umeme kwanza. Leo tuhangaike na vya ndani."

Mshonaji alipiga simu shirika la umeme. Waliahidi kuja Jumatatu. Siku mbili hizo hakuna aliyekaa upande ule wa nyumba. Kiti cha Bibi kilihamishiwa chumba cha nyuma. Fundi alizima televisheni na king'amuzi, akachomoa plagi ukutani, na hakugusa waya wa antena hata kidogo.

"Sasa tuongee kuhusu picha," alisema. "Picha za siku hizi haziwi na chengachenga kama zamani. Mawimbi yakitosha, picha ni safi. Yakipungua, inakatika vipande au inaganda. Kwa hiyo usibahatishe. Kwenye king'amuzi kuna sehemu inayoonyesha mistari miwili. Mmoja ni nguvu ya mawimbi, mwingine ni ubora. Huo wa ubora ndio wa kutazama."

"Sisi tuliangalia huo wa nguvu," mshonaji alisema. "Ulijaa mpaka mwisho, hasa baada ya kuweka busta ya kukuza mawimbi."

"Busta ni kipaza sauti tu. Mtu akiongea upuuzi, ukimpa kipaza sauti atasema nini?"

"Upuuzi mkubwa," Bibi alisema kutoka chumba cha nyuma. Kwa mara ya kwanza tangu nguzo ipimwe, watu walicheka.

Jumatatu mafundi wa umeme walifika na gari lenye ngazi. Walikata umeme, wakapima kuhakikisha umekatika, ndipo nguzo ikashushwa. Mmoja wao alipoinua mguu wa bomba, ulivunjika mkononi kama muwa mkavu. Aliushika vipande viwili, akamwonyesha seremala.

Waya wa antena ulikuwa umeungwa katikati, chini ya bati. Seremala aliuunga kwa kusokota na kufunga mfuko wa plastiki. Fundi alikata pale kwenye kiungo. Maji yalitoka. Si tone moja. Yalichuruzika mpaka kwenye kiwiko chake. Shaba ya ndani ilikuwa imegeuka kijani.

"Mawimbi yenu yalikuwa yanazama humu," alisema. "Hata ungejenga nguzo ya kufika mawinguni, yangezama hapahapa. Waya wa antena usiungwe kwa kusokota. Weka mzima, kutoka juu mpaka ndani. Mwishoni funga konekta yake, kile kichwa cha kuchomeka, kaza, na nyuzi za nje zisiguse waya wa katikati."

Jirani Mnara alikuwa amesimama kwenye kona ya ukuta. Siku hizo mbili alikuwa amekwenda kwa mjane wa mchomeleaji. Alichomwambia mjane, na alichojibiwa, ni chao. Ila alirudi amevimba macho, na hakuna aliyemwita kwa jina la utani.

Fundi alimwuliza, "Antena yako umeielekeza wapi?"

"Upande wa kituo cha mafuta. Wote tumeelekeza huko."

"Nani aliwaambia?"

"Mimi nilimfuata aliyenitangulia. Wao wakanifuata mimi."

"Kule kulikuwa na mnara wa zamani. Ulibomolewa matangazo yalipobadilishwa kuwa ya dijitali. Mnara wa sasa uko upande wa hospitali, kule juu."

Wote waligeuka. Walitazama mapaa ya mtaa. Antena ishirini, kila moja juu ya bomba refu, zote zimeelekezwa mahali pasipo na kitu. Walikuwa wanapata makombo yaliyoingia kwa ubavu. Kwa makombo hayo mtu alikuwa amekufa.

Seremala alitengeneza nguzo fupi ya mbao ngumu. Aliifunga kwa bolti kwenye ukuta wa nyuma, ambako nyaya ziko umbali wa zaidi ya hatua thelathini. Antena ilipanda juu ya paa kiasi cha mita moja tu. Kanuni ya fundi ilikuwa hii: umbali mpaka kwenye nyaya uwe urefu wote wa nguzo na antena, na nusu yake tena. Kazi ilifanyika mchana, pasipo mvua wala upepo.

Umeme uliporudi, seremala aligeuza antena kuelekea upande wa hospitali, kidogo kidogo. Kila akigeuza, alisubiri. Ndani, mkewe alisoma mstari wa ubora kwa sauti.

"Thelathini. Hamsini. Subiri. Sabini. Umepita, rudi. Themanini na tano."

"Kaza hapo," fundi alisema. "Sasa tafuta stesheni upya kwenye king'amuzi."

Busta ilibaki sakafuni. Picha ilitulia. Stesheni nne walizozisahau zilirudi. Msoma habari alikuwa na macho mawili mahali pake.

Bibi alirudishwa kwenye kiti chake. Alitazama kidogo, kisha akamwita mwanawe akae naye. Alishika kile kiganja tena. Habari zilisomwa mpaka mwisho, na mimi nadhani hakuzisikia.

Katika wiki moja nguzo tisa zilishushwa mtaani, umeme ukiwa umekatwa. Jirani Mnara alikuwa wa kwanza. Kumi na moja bado zimesimama. Wenyewe wanasema watazishughulikia.

Na wewe ya kwako je? Usiniambie kesho. Simama. Toka nje sasa hivi, tazama juu, hesabu hatua kutoka kwenye nguzo yako mpaka chini ya nyaya. Kama nguzo ikianguka itafika, usiiguse na usimruhusu mtu aiguse. Piga simu shirika la umeme kabla hujakaa tena. Kisha nenda kwa jirani. Ukimkuta ameegemeza ngazi, mwambie ashuke. Mwambie hata kama atakucheka, na usiondoke pale mpaka miguu yake yote miwili iwe chini.