Ski za Wifi Roswitha

Alhamisi jioni Burgi Thaler alikuwa jikoni akikata mkate mkavu. Alitaka kupika matonge ya mkate na nyama iliyokaushwa kwa moshi. Bintiye Vroni, mwenye miaka sita, alikaa mezani akila tufaha. Nje, theluji ilikuwa imefika kwenye vizingiti vya madirisha.

"Mama, mimi siendi," Vroni alisema.

"Huendi wapi?"

"Kwenye ski."

Mafunzo ya watoto yalikuwa yaanze Jumamosi. Katika bonde lile mtoto hufungwa ski miguuni, zile mbao mbili nyembamba za kutelezea juu ya theluji, kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

"Kwa nini huendi?"

"Kwa sababu na wewe huendi."

"Mimi goti linaniuma. Unajua."

"Linauma theluji ikianguka tu. Kiangazi ulipanda kwa miguu mpaka malishoni. Ulimpita Baba."

Burgi aliendelea kukata mkate. Goti lake halikuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa anaogopa. Alipokuwa na miaka tisa alimwona kaka yake Vinzenz akishushwa mlimani, mguu mmoja umeelekea upande usio wake. Tangu hapo hakuvaa ski tena. Siku za ski shuleni alibaki darasani peke yake, akipaka rangi ramani ambazo hakuna mtu aliyezisahihisha. Watoto wengine walirudi na mashavu mekundu wakisimuliana mambo asiyoyajua. Vroni akikataa sasa, atakaa kwenye kiti kile kile.

"Nikienda na mimi, utakwenda?"

"Utateleza kweli?"

"Nitajaribu."

"Usiposhuka, na mimi sishuki."

"Haya."

Alilitamka neno hilo haraka. Kisha akaweka kisu chini.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa Roswitha, dada wa mumewe. Roswitha alikuwa mwanamke mwenye mwili na nguvu, na aliteleza kwa kasi kuliko wanaume wengi wa kijiji. Chini ya nyumba yake kulikuwa na chumba kilichojaa ski za vizazi vitatu.

"Nilifikiri nikodi dukani," Burgi alisema.

Roswitha alicheka mpaka akashika ukuta. "Ukodi? Wifi, wewe ni mtalii? Mtu wa hapa apange foleni na wageni? Watasema ukoo wa Thaler umeishiwa."

"Basi nipe zilizo rahisi."

"Shika hizi. Nilizipenda sana. Zilikuwa na ubaya mmoja, zilifunguka ovyo. Nikazikaza mwenyewe kwa bisibisi. Sasa hata ukibinuka haziachii."

"Hiyo ni nzuri?"

"Ski ikikutoka kule juu utafanya nini? Utashuka kwa makalio?"

Burgi alijaribu buti. Miguu ilicheza ndani.

"Vaa soksi mbili," Roswitha alisema. "Au tatu. Una miguu ya kuku, mke wa kaka yangu. Na hizi za Severin mpelekee Vroni. Ni ndefu kidogo, lakini atazikua."

Severin, mwanawe Roswitha, alikuwa na miaka kumi. Ski zake zilimpita Vroni kichwa. Burgi aliliona hilo, lakini alizipokea. Asiyejua kuogelea hambishii samaki.

Mchana alizivaa ski uani, mahali pa tambarare, akasimama. Hakusogea. Jasho lilimtoka mgongoni ingawa baridi ilikuwa kali.

Jirani yake, mzee Korbinian, alikuwa ananyunyiza chumvi kwenye ngazi zake ili barafu iyeyuke. Korbinian alifanya kazi ya uokoaji mlimani. Kwa miaka mingi alikuwa akiwashusha majeruhi kwa sleji, kitanda cha kuburutwa juu ya theluji.

"Burgi, umesimama kama kigingi cha uzio."

"Najizoeza, mzee."

"Hapo hata ng'ombe angesimama. Ski za nani hizo?"

"Za wifi."

Korbinian aliweka chini koleo lake, akavuka uzio. Hakumtazama Burgi usoni. Alitazama miguu yake.

"Vua," alisema.

Burgi alibonyeza kwa fimbo yake ya kutelezea kile kipande cha nyuma kinachoshika buti. Hakikushuka. Alibonyeza tena kwa uzito wake wote. Mwishowe Korbinian akakisukuma kwa mikono miwili, na buti ikatoka.

"Umeona?" alisema. "Hiki kinaitwa kibanio. Kina kazi mbili. Ya kwanza ni kushika buti. Ya pili ni kuiachia. Watu wa hapa wanaikumbuka ile ya kwanza tu."

"Wifi anasema ikiachia ndiyo hatari."

"Wifi yako anateleza vizuri, lakini hajawahi kufanya kazi yangu. Sikiliza. Ukianguka, ski inanasa kwenye theluji na mwili unaendelea kwenda. Ski ni ndefu, kwa hiyo inausokota mguu kwa nguvu nyingi. Kibanio kikiachia, mguu unabaki mzima. Kisipoachia, kitu kingine kitaachia. Goti, au mfupa."

Burgi alihisi baridi ikimwingia ndani ya koti.

"Na ski ikishanitoka? Haitaniacha ishuke yenyewe mpaka chini?"

"Tazama vijiti hivi viwili. Ni breki. Buti ikitoka, vinashuka na kuchoma theluji. Ski inasimama. Unaifuata, unaivaa tena."

Alipangusa theluji kwenye dirisha dogo la kibanio. Ndani yake palikuwa na mistari na namba za kuonyesha kibanio kimekazwa kiasi gani.

"Tisa na nusu," alisoma. "Una kilo ngapi?"

"Hamsini na nane."

"Na wifi yako?"

"Mzee, hilo mimi siulizi."

"Wala mimi. Lakini fundi lazima auulize uzito wako, na lazima umwambie kweli. Ukijipunguzia ili upendeze, au ukijiongezea ujuzi ili usichekwe, atakosea kipimo. Namba yako huenda ikawa karibu nusu ya hii."

"Basi izungushe, mzee. Bisibisi ninayo."

"Siigusi. Anayeiweka ni fundi. Anahitaji uzito wako, urefu wako, umri wako na urefu wa soli ya buti yako. Anahitaji kujua pia kwamba ndiyo unaanza. Kisha anaijaribu kwa mashine, kwa sababu namba inaweza kusema hivi na springi iliyozeeka ikafanya vile."

Burgi alitazama zile ski. Kulikuwa na swali ambalo hakuwahi kumuuliza mtu.

"Siku ile ya Vinzenz, wewe ulikuwepo?"

"Mimi ndiye niliyemshusha."

"Ski yake ilifunguka?"

"Haikufunguka. Niliivua mwenyewe. Ilikuwa ya baba yenu, naye alikuwa mtu mzito."

"Hakuna aliyeniambia."

"Hukuuliza. Ulikuwa ukiniona unakimbia."

Miaka yote hiyo Burgi aliamini kwamba mlima ulimvunja kaka yake. Mlima hauna namna ya kurekebishwa, ndiyo maana alikaa mbali nao. Sasa alikuwa anatazama skrubu yenye upana wa ukucha.

"Na Vroni atavaa zipi?" Korbinian aliuliza.

Burgi aligeukia ukuta wa nyumba, ambako ski za Severin zilikuwa zimeegemezwa, tayari kwa asubuhi.

Alasiri ile ile duka la kukodisha lilijaa wageni. Burgi alisimama kwenye foleni akiwa amemshika Vroni mkono, na ski zote nne begani. Watu wawili wa kijijini walimwona. Aliendelea kusimama.

Fundi alikuwa kijana mwenye sauti kubwa. "Uzito?"

"Hamsini na nane."

"Unateleza kwa kiwango gani?"

"Sijui kabisa," Burgi alisema, naye kwa sauti kubwa.

Fundi alianza na ski za mtoto. Alizifunga kwenye mashine, akaingiza buti, akavuta mkono wa chuma. Mshale wa mashine ulipita kipimo kinachomfaa Vroni. Buti ilibaki pale pale. Mshale ukazidi kupanda. Ndipo ikatoka kwa kishindo, na Vroni akaruka.

"Hizi zimewekwa kwa mvulana mkubwa," fundi alisema. "Mguu wa huyu usingezifungua. Na ni ndefu mno. Anayeanza achukue inayomfika kifuani au kidevuni. Hataweza kuigeuza hiyo."

Ski za Roswitha alizitazama kwa muda mfupi zaidi. Springi zilikuwa zimechoka. Alizisogeza pembeni.

Kisha akaleta buti na kuwaambia wavue soksi zote.

"Soksi moja tu. Nyembamba, ndefu, ya sufu. Siyo ya pamba, maana pamba ikishika jasho inabaki na maji na mguu unapoa."

"Nimeambiwa nivae mbili," Burgi alisema.

"Soksi mbili zinajikunja na kubana. Damu haipiti vizuri, na mguu unakufa ganzi. Suruali ya ndani nayo usiiingize kwenye buti. Sasa simama wima. Vidole vinagusa mbele?"

"Vinagusa kidogo."

"Kunja magoti, sukuma mguu wa chini mbele. Sasa?"

"Vimerudi nyuma. Havigusi."

"Basi hiyo ni yako. Kisigino kisiinuke. Ikikubana mpaka ikakuuma, rudi. Usivumilie."

Fundi mwenyewe alimvalisha Vroni kofia ngumu, akaitikisa. Ngozi ya paji la uso ilisogea pamoja na kofia. "Ikisogea peke yake, ni kubwa," alisema.

Walipokuwa wanatoka, Roswitha alikuwa anapita na mkate wake kwapani. Alisimama katikati ya njia.

"Wifi! Na watalii?"

"Na watalii, wifi. Wanapimwa vizuri." Burgi alimrudishia zile ski za ukoo. "Za Severin nazo mashine imezikataa kwa mtoto. Severin mwenyewe anatumia zipi siku hizi?"

"Za baba yake," Roswitha alisema. Alizitazama zile ski alizorudishiwa.

Jumamosi Burgi aliamka bila hamu ya kula. Alilazimisha mkate na yai, kwa sababu mwili wenye njaa huchoka upesi, na mtu aliyechoka huanguka vibaya. Alimpaka Vroni mafuta ya kukinga jua usoni na chini ya kidevu, maana theluji hurudisha mwanga kutoka chini. Akamvalisha glavu na miwani. Kila kifungo alichofunga kiliongeza hofu yake.

Uwanja wa wanaoanza ulikuwa mteremko mdogo, mpana, ulioishia mahali pa tambarare. Watoto walikuwa nyuma ya wavu mwekundu. Vroni aliushika wavu kwa mikono miwili.

"Shuka wewe kwanza," alisema.

Roswitha alikuwa amesimama hapo karibu, amevaa viatu vya kawaida.

"Ski zako ziko wapi, wifi?" Burgi aliuliza.

"Kwa fundi. Na za Severin. Usinitazame hivyo, nenda."

Mwalimu wa watu wazima aliwafundisha kuanguka kabla ya kuwafundisha kwenda. "Ukiona umeshindwa, kaa upande. Uangukie nyonga. Usitupe mkono mbele, usikae nyuma. Aliye mbele yako ndiye mwenye njia, wewe wa nyuma ndiye unayemkwepa. Na leo hakuna kwenda kule juu, hata shemeji akikuita." Kisha akawaonyesha kupunguza mwendo: ncha za mbele karibu pamoja, visigino vitanuliwe, ski zikae kama paa la nyumba.

Zamu ya Burgi ilifika. Kutoka pale juu mteremko haukuwa mdogo tena. Alimwona Vroni, kitu cha manjano kando ya wavu, hakisogei.

Alikwenda. Upepo ulimpiga, ski zikaanza kunguruma chini yake. Alitanua visigino na mwendo ukapungua. Halafu alimtazama Vroni badala ya kutazama mbele, na ski ya kulia ikapanda juu ya ya kushoto. Akakumbuka kukaa upande. Mguu ulivutwa, ukaanza kusokoteka, na kitu kikalia: tak.

Alilala kwenye theluji akisubiri maumivu. Alijua ni mfupa. Hakuthubutu kutazama. Alijaribu kidole gumba cha mguu, kikasogea. Alijaribu kifundo, kikasogea. Ndipo akainua kichwa. Ski ilikuwa imelala hatua chache kutoka alipo, vijiti vyake viwili vimechoma theluji.

"Mama!" Vroni alikuwa amebana uso kwenye wavu. "Umevunjika?"

"Hapana. Ski imefunguka."

"Imeuma?"

"Theluji imeniingia shingoni. Ni baridi sana."

Vroni aliitazama ski, kisha mguu, kisha ski tena. Mama yake aliinuka, akakwangua theluji chini ya buti kwa ncha ya fimbo ili ishike vizuri, akaivaa. Akashuka kipande kilichobaki, polepole, mpaka chini.

Vroni aliachia wavu mkono mmoja, halafu wa pili. Mwalimu wa watoto alimsogeza mbele kidogo tu. Alikwenda urefu wa meza mbili hivi, midomo ameifunga, macho makubwa. Akaanguka.

Burgi alitaka kukimbia. Hakuna akimbiaye na ski miguuni, kwa hiyo alibaki pale alipo.

Vroni alikaa. Aligusa mguu wake wa kushoto juu ya buti, akaugusa wa kulia. Akaiona ski moja imelala pembeni.

"Imefunguka," alimwambia mwalimu, kama mtu anayetoa taarifa. Kisha akanyoosha mguu avalishwe.