Maji ya Mlango Uliozibwa

Aliyeisimulia kwanza habari hii ni shangazi yangu Selipher, Jumapili tarehe 14 Januari 2024, jikoni kwake Butere, siku ya tatu tangu arudi kutoka Riyadh. Niliandika huku akisema. Alipomaliza alinipa bahasha.

Selipher alikuwa mfanyakazi wa ndani Riyadh. Mdogo wake, shangazi Damaris, alifanya kazi hiyohiyo Jeddah. Machi 2023 madam wa Selipher alikwenda Jeddah kumwona mamake, akamchukua Selipher. Ijumaa ya tarehe 10 dada hao wawili walipewa ruhusa kuanzia saa tisa alasiri hadi magharibi. Hawakuwa wameonana kwa miaka minne. Damaris alikuwa amemaliza mkataba; tiketi yake ya kurudi nyumbani ilikuwa ya tarehe 19, na binti yake wa miaka sita alikuwa akichora siku ukutani kwa makaa.

Aliyewatembeza ni Justus, Mkenya mwenzao, bawabu wa jengo moja mtaa wa Hindawiyah. Kila Ijumaa aliwazungusha watu wa nyumbani kwa miguu ndani ya Balad, Jeddah ya kale.

"Huko mbele kila mtu amepiga picha," alisema. "Mimi nawapeleka uani. Atakayechoka nitambeba, isipokuwa wewe, Dama. Umekula wali wa watu miaka minne."

"Utanibeba tu. Mgongo ni wako."

Walicheka. Aliwaonyesha nyumba za mawe ya matumbawe, kisima kilichofunikwa kwa bati, paka waliolala juu ya magunia ya seremala. Kisha wakaingia kichochoro ambacho kuta zake zimeegemezwa vyuma zisianguke. Mwisho wake palikuwa na mlango uliozibwa kwa matofali. Kando ya mlango, tangi la maji.

Kila aliyefanya kazi Saudia anayajua matangi hayo: chuma, bomba, kikombe kwenye mnyororo. Watu huyaweka njiani kuwa sadaka kwa ajili ya marehemu wao, na mpita njia hunywa bila kuuliza. Damaris alikuwa na kiu. Alijaza kikombe, akanywa chote.

"Yako baridi," alisema. "Lakini yanateleza. Kama mboga ya mrenda."

Justus alikuwa ameinama nyuma ya tangi. Alishika waya wa umeme wa kupoza maji. Ulikuwa umekatwa, ncha yake inaning'inia.

"Ijumaa iliyopita halikuwa hapa," alinong'ona.

Hapo harufu ikawafikia. Mafuta ya kichwa yaliyochacha, kama mto wa mgonjwa. Selipher alitazama kikombe. Ukingoni palikuwa na ute, na ute huo ulifika mpaka mdomoni mwa dada yake bila kukatika.

Damaris alitia kidole kinywani. Akavuta. Ulikuwa unywele.

Akavuta tena. Ukazidi kuja, umelowa, mwekundu wa hina. Urefu wa mkono. Alikohoa, machozi yakimtoka. Haukuisha. Kisha hina ikafifia, ukaanza kutoka mweupe, kama unavyokuwa karibu na ngozi ya kichwa cha mwanamke mzee.

"Usivute," Justus alinong'ona. "Dama, wacha. Kuna mtu anavuta upande ule wa ndani."

Unywele ukakaza. Kichwa cha Damaris kikashuka mara mbili, kama mtu anayeitikia.

Selipher hakuwa na mkasi. Aliukata kwa meno yake. Ladha ile, aliniambia, hajaimaliza kutema. Kipande kilichobaki kilirudi kooni mwa dada yake kama tambi inayonyonywa.

Alichokata alikifunga kwenye karatasi ya shashi ili wamwonyeshe daktari. Hawakumwonyesha. Selipher alirudi Riyadh, na siku ya tano akapata ujumbe wa sauti.

"Sele, madam amenipigia kelele. Nywele kwenye wali, ndefu. Na mimi nimenyoa kwa wembe. Nimwambie naumwa?"

"Halas, basi, usimwambie mtu," Selipher alimjibu. "Watakuzuia kusafiri. Vumilia siku nne."

Alivumilia. Mimi ndiye niliyempokea. Alimkumbatia binti yake huku amefumba mdomo kabisa. Hakula. Tarehe 4 Mei alifia kwenye upasuaji. Tumboni walitoa fundo la nywele nyekundu, kubwa kama ngumi, limegandiana kwa ute. Daktari alituuliza kama marehemu alikuwa na tabia ya kula nywele zake. Kichwa chake kilikuwa hakina nywele.

Ndani ya bahasha mna kile kipande cha Selipher. Siku niliyopewa nilikipima kwa rula: sentimita thelathini na nane. Niliandika tarehe juu ya bahasha. Nimekipima tena Januari hii, mwaka mmoja baadaye. Hamsini na mbili. Sehemu iliyoongezeka ni nyeupe, na karatasi imelowa.

Mimi ndiye ninayetunza daftari la ukoo; humo huandika walio hai ukurasa wa kushoto na waliofariki wa kulia. Selipher yuko kushoto. Hunywa maji aliyoyachuja mwenyewe kwa kitambaa, mara tatu. Binti wa Damaris yuko kushoto, ana miaka minane. Justus si wa ukoo, lakini nimemwandika pia. Yuko hai, yuko Jeddah, Balad haendi. Damaris yuko kulia.

Mwenye unywele sijamwandika. Nimemwachia nafasi, ukurasa wa kushoto.