Mnaomcheka Dorkasi kwa Kusoma Kirusi, Njooni Hapa

"Ndiye huyu! Ndoo ya damu hiyo hapo, kaishika mwenyewe!"

Aliyeninyooshea kidole alikuwa Ponsiano… mchumba wangu! Posa alishaleta kwetu Handeni. Nyuma yake wakata mkonge kama arobaini, visu mkononi.

Jamani, tulieni niwasimulie.

Mimi ni Bibi Grasiana wa Korogwe, nina miaka tisini na tatu. Anayechapa haya ni kitukuu wangu Dorkasi. Kachagua kusoma Kirusi na mila za Warusi chuoni, basi kwenye komenti mmemkalia kooni. "Kirusi cha nini? Kitampa ugali?"

Haya, sikilizeni.

Mwaka 1951, enzi za Mwingereza, nilikuwa mpishi wa Bwana Mrusi kwenye shamba moja la mkonge. Alikuwa fundi wa korona. Siyo ugonjwa wenu huo, ni mashine ya kukamua mkonge! Mzee mpweke, alikimbia vita vya kwao, na Kiswahili hakikumpanda kabisa. Kwa miaka minne mimi nikaokota Kirusi chake pale jikoni, neno moja moja, mpaka tukawa tunapiga soga.

Watu hawakumpenda. Alipiga ishara ya msalaba kinyume, bega la kulia kwanza. Katekista Valerian akasema huyo si Mkristo. Kambini wakasema ni mumiani, ananyonya watu damu.

Kisha Habakuki, mkata mkonge, akapotea.

Siku ya tatu, Jumamosi asubuhi, natoka jikoni na ndoo ya maji mekundu… Mnaona sasa?

"Ponsiano, ni mimi!"

"Habakuki yuko wapi?"

"Nitajuaje? Hii ni rangi! Maganda ya vitunguu! Tunapaka mayai ya Pasaka!"

Valerian akacheka kwa hasira. "Pasaka imepita wiki tano sasa!"

"Yetu, mwalimu. Ya kwao ni kesho."

"Mwongo!"

Ponsiano akakanyaga ngazi ya kwanza ya baraza. Hapo mlango ukafunguka. Bwana akatoka na bunduki, mikono myekundu mpaka viwikoni!

Akapiga kelele kwa Kirusi.

"Anatuloga!" mtu akalia. "Mmalizeni!"

Aliyeelewa ni mimi peke yangu. Bwana alikuwa anasema, atakayekanyaga ngazi ya pili, nampiga risasi ya kifua.

Na Ponsiano alishainua mguu!

Niseme ukweli? Nilitamani kunyamaza. Ndiyo, mimi huyu mnayeniita bibi mpole. Nilitamani mguu ule utue ngazi ya pili.

"Nye strelyai!" nikapiga ukelele. Yaani, usipige! Nikaendelea kwa Kirusi: "Baba, wanaogopa tu. Wanadhani rangi ya mayai yako ni damu ya mtu."

Akanitazama. Akatazama mikono yake. Akaishusha bunduki taratibu.

Nikamgeukia Ponsiano, nikamsukumia ndoo puani.

"Nusa! Damu gani inanuka kitunguu?"

Akanusa, akarudi nyuma hatua moja. Valerian akasogea, akatumbukiza mkono, akatoa yai. Jekundu, lina joto bado. Wale arobaini wakaanza kuangalia miguu yao.

Jumatatu, nani huyo anaingia kambini na gunia la muhogo kichwani? Habakuki! Alikwenda kijiji cha Mkata, kumzika shangazi yake.

"Kwani Ponsiano hakuwaambia?" akashangaa. "Nilimuaga yeye, nikamwomba amwarifu nyapara."

Kambi nzima ikageuka kumtafuta Ponsiano…

Nilimfuata Ponsiano. "Ulijua!"

"Nilikuwa nawasikia wewe na yule mzungu," akasema. "Mnaongea, mnacheka. Sielewi hata neno. Nikajua mnanicheka mimi."

Chumvi na kuni, wapendwa! Tulikuwa tunaongea chumvi na kuni! Na mtu huyo ndiye niliyemwokoa na risasi.

Posa ikarudishwa. Mwaka uliofuata nikaolewa na marehemu… Habakuki mwenyewe, baba wa watoto wangu sita.

Usilolijua ni usiku wa giza. Watu wazima arobaini walitaka kuua kwa ajili ya giza hilo, asubuhi kweupe.

Lakini kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, hata Habakuki. Dorkasi, chapa hivyo hivyo, usilie.

Bwana Mrusi alipokaribia kufa aliniandikia barua. Kurasa nne, kwa Kirusi. Alisahau kitu kimoja tu… mimi Kirusi nilikisikia na kukisema. Kusoma hakunifundisha!

Sikutaka mgeni aisome. Imekaa sandukuni miaka zaidi ya sitini.

Bado mnauliza Dorkasi anakwenda kusomea nini?

Nenda, mwanangu. Ila fanya haraka, bibi yako anasubiri.