Firigisi ya Bonane

Kuku alinuka udongo. Kapinga alifunua sufuria mara tatu, akaongeza kitunguu, akaongeza pilipili, na bado harufu ilikuwa ileile ya shimo lililochimbwa leo. Akamlaumu mwuzaji wa soko la Musonoi, maana siku ya Bonane, mwaka mpya, huwezi kumlaumu mumeo.

Ingawa alistahili. Tshiamala, kama majirani wengi wa Kasulo, alichimba kobalti chini ya nyumba yake mwenyewe miaka miwili, kupitia sakafu ya chumba cha nyuma. Madini yalipokwisha alimwaga saruji juu ya shimo, akanunua sofa.

Saa nane mchana hodi ikapigwa. Barazani walisimama mzee na vijana wawili, wakiwa na matope mabichi hadi magotini, na mvua ilikuwa bado haijanyesha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone; wahenga hao hawakufika Kasulo. Mzee alisalimia kwa Kiluba safi cha Kasai, naye Tshiamala, ingawa hakumjua, aliona aibu kumfukuza mtu mbele ya chakula. Akampisha kwenye kiti chake, mwenyewe akakaa kwenye kigoda karibu na Jémima, binti yao wa miaka sita. Vijana walikataa kukaa. Walisimama kila mmoja upande wake wa mlango.

Hapo Kapinga akakosea. Kwao Kasai firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Mke humpa mumewe peke yake, na akimpa mwingine, basi amemwita mume. Lakini mazoea yana taabu: miaka kumi mikono yake ilikuwa inaweka bakuli lenye firigisi mbele ya kile kiti, na leo ikaliweka palepale.

Tshiamala aliona. Kapinga naye aliona. Lakini nani atamnyang'anya mgeni chakula mdomoni? Mzee akatafuna polepole, kwa sauti ya kokoto zinazosagwa.

Alipomeza, mvua ikaanguka na chumba kikaingia giza.

"Mi nilipiga hodi," mzee akamwambia Kapinga taratibu, akimwonyesha Tshiamala kwa kidole. "Ule mwanaume alitoboa nyumba yangu kule chini miaka mbili, hata siku moja hakupigaka hodi."

Kapinga aliruka amshike Jémima wakimbie, lakini miguu yake, ambayo hakuna aliyeigusa, ikamrudisha mezani, na alipoanza Baba Yetu kimoyomoyo maneno yakampotea moja baada ya jingine, harufu ya udongo ikimtoka sasa kwenye pumzi yake mwenyewe, hadi akajikuta anamwongezea mzee mchuzi na ugali, na kumwuliza kama bukari imetosha, Papa Jémima, kwa sauti ileile aliyomwitia mumewe tangu mtoto azaliwe.

Tshiamala akapiga magoti.

"Tata, mzee wangu, unihurumie," akanong'ona. "Beba nyumba, beba byote. Uniachie tu bibi na mutoto."

Mzee alifuta vidole. "Mugeni akimaliza kula, anaendaka kwake."

Vijana wakafungua mlango. Hawakumvuta. Tshiamala aliinuka mwenyewe, akashukuru kwa chakula huku machozi yakimtiririka, akatoka nje kwenye mvua, na mlango ukafungwa nyuma yake. Kapinga alipiga kelele kwa nguvu zake zote, lakini ndani tu. Usoni alikuwa anatabasamu, na mikono yake ilikuwa inakusanya sahani.

Kisha mlango ukagongwa, kwa nguvu, mara nyingi. Jémima akapanda sofa, akachungulia dirishani.

"Mama, kuko mutu. Amelowana. Analia."

Kapinga alitaka kumwambia ni baba yako, fungua. Shingo yake ikageuka kumtazama mzee, ikingoja ruhusa, naye akaichukia shingo hiyo kuliko kitu chochote duniani. Mzee akatikisa kichwa kukataa.

Jémima alimtazama kidogo yule mtu wa nje, kwa huruma, akaweka mdomo karibu na kioo ili amsikie vizuri.

"Papa amekatala," akamwambia. "Hatukujue."