Buti Juu ya Pedali Mbili

Anselim alikuwa amelala chali, amekufa, juu ya turubai la mpunga, mbele ya mashine ya kukoboa ya kijiji cha Mchombe, rozari ingali mkononi. Datsun nyeupe ya mashindano ilikuwa imejibamiza ukutani mbele yake.

Inspekta Nkwabi alishuka kwenye Landrova, akalitazama gari, akashika kiuno. Lilikuwa linang'aa. Bampa lilikuwa bado linadondosha maji.

"Nani ameosha gari hili?"

Wanawake wenye ndoo walitazamana. Theresia, dada wa marehemu, akasogea mbele, macho mekundu.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Mama, nani ameosha gari?"

"Sisi, afande. Damu ya mtu haiachwi nje ikalambwa na mbwa."

"Mmeosha ushahidi!"

"Tumeosha damu tu, baba. Huo ushahidi, kama ulikuwepo, hatukuugusa."

Konstebo Lukelo aligeuka kando akajifanya anakohoa. Nkwabi alifumba macho, akavuta pumzi.

"Na ndani?"

"Ndani hatukufungua. Gari si letu."

"Mungu mkubwa," Nkwabi alisema, ingawa kwa sauti ile isingekuwa sala.

Kijiji kizima kilikuwa kimeshatoa hukumu. Mgambo walikuwa wamemfunga Clinton, mwenye gari, kamba, wakamkalisha juu ya gunia la pumba. Kijana huyo alikuwa anajifua kwa mashindano ya magari ya Morogoro. Kila asubuhi alitimua vumbi likaangukia mpunga wa watu ulioanikwa, na kila asubuhi Anselim, mlinzi wa mashine, alisimama katikati ya barabara na fimbo yake kumzuia. Juzi Clinton alikuwa amemwambia mbele za watu, "Iko siku sitasimama, mzee."

"Ulisema hivyo?" Nkwabi aliuliza.

"Nilisema, afande. Hasira tu."

"Na leo alfajiri?"

"Nilikuwa nimelala. Nimeamshwa na mgambo."

"Ufunguo wa gari hukaa wapi?"

"Kwenye msumari, sebuleni."

"Shahidi wako?"

"Usingizi una shahidi gani, afande?"

Nkwabi alimwacha, akaenda kwenye gari. Ufunguo ulikuwa umeachwa humo. Aliingia na kuliwasha, ajue kama breki zilikufa. Akalisogeza kidogo uwanjani, akakanyaga breki. Injini ikanguruma, gari likaruka kama mbuzi aliyechomwa mkuki. Wanawake wakatawanyika na ndoo zao. Lukelo akapanda juu ya magunia.

"Afande, unatuua!"

Nkwabi alizima, jasho likimtoka. Akafungua mlango, akainama na kurunzi. Pedali ya mafuta ilikuwa imeongezewa bamba la chuma, ikainuliwa na kusogezwa mpaka ikakaa sambamba na breki, ubavu kwa ubavu. Mguu wake wa buti ulikuwa umekanyaga zote mbili.

Ila pembeni ya tope lake jekundu palikuwa na tope jingine, jeusi, la majaruba ya mpunga, lililokwisha kukauka. Lilikuwa na alama ya soli ya buti la mpira, iliyoanzia kwenye breki ikamalizikia kwenye bamba la mafuta. Mguu mmoja, mkandamizo mmoja.

"Clinton! Nani kaharibu pedali zako?"

Kijana aliudhika, akasahau kamba. "Hazijaharibika! Nimezirekebisha. Jumapili, kwa fundi Faustino, Ifakara. Ukiikaribia kona unapiga breki kwa vidole, na kisigino kinagusa mafuta, ili uteremshe gia gari lisiyumbe. Zilivyokuwa zimeachana, mguu haukufika."

"Kwa buti?"

"Kwa buti huwezi, afande. Naendesha na raba hizi, soli imelika mpaka nahisi changarawe."

"Nani mwingine alijua?"

"Mimi na fundi. Nyumbani wakisikia habari za gari, ni ugomvi."

"Ugomvi na nani?"

Clinton alitazama chini. "Na baba."

Nkwabi akamwachia Lukelo amwangalie mtuhumiwa, akashika njia ya mashambani kwa mguu. Kwa mbali akaliona trekta likivuta tela la mpunga. Mzee Dionisi, baba yake Clinton, alikuwa kwenye usukani. Ujana wake wote aliumalizia kwenye matrekta ya shamba la miwa. Gari dogo hakuwahi kulimiliki.

Nkwabi akampungia mkono asimame.

Mzee akakanyaga. Chini ya mguu wake wa kulia palikuwa na pedali mbili za breki, moja ya kila gurudumu, ubavu kwa ubavu. Buti la mpira liliteremka juu ya zote kwa pamoja, bila mwenyewe kutazama. Trekta likatulia.

Nkwabi alilitazama lile buti. Uchovu wote wa asubuhi ile ukamshukia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba nione soli ya buti lako."

Mzee hakuuliza sababu. Aliinua mguu. Soli ilikuwa na alama zilezile.

"Mwanao amefungwa kamba kwa kosa la kuua," Nkwabi alisema. "Na wewe unasomba mpunga?"

"Nilitaka kulizamisha mtoni," mzee alisema. "Lile gari. Lisionekane tena."

"Na Anselim?"

"Alidhani ni Clinton. Akajitokeza na fimbo yake. Nikapiga breki, afande, haki ya Mungu nilipiga kwa nguvu zangu zote! Nilikuwa nimetoka kuvuka kijito, nikadhani ni maji yameingia kwenye breki. Nikazidi kukanyaga. Likazidi kwenda."

"Kwa nini ulizamishe?"

"Kaka yake Clinton, Evod, tulimzika kwa ajili ya mwendo. Basi lilimshinda kwenye kona za Kitonga. Huyu ndiye aliyebaki."

"Ukamwacha abebe mzigo wako!" Nkwabi alipandisha sauti. "Baba gani wewe? Angenyongwa!"

Dionisi aliteremka taratibu, akajifuta uso kwa kofia.

"Nilijisemea, mahabusu hakuna kona. Atakaa humo, atakuwa hai. Nikapiga magoti nikamwomba Mungu anipe ujasiri wa kusema, halafu nikainuka nikaenda shambani. Kila nikitaka kurudi, naona jeneza la Evod."

"Na jeneza la Anselim?"

Mzee akalia.

Waliporudi mashineni, Theresia aliyasikia yote, akakaa chini juu ya mpunga alipolala kaka yake. Nkwabi akamkamata Dionisi kwa kuua bila kukusudia. Lukelo akaifungua kamba ya Clinton, mzee akapanda nyuma ya Landrova mwenyewe.

Clinton alishika ubavu wa gari.

"Baba, si ungeniambia tu?"

"Nilikuambia kila siku, mwanangu," Dionisi alisema. "Ulikuwa unawasha injini."