Madoa ya Kijani ya Gopal

Kinjal ana miaka sita. Anaishi Mwanza, ghorofa ya tatu, pamoja na wazazi wake, kaka yake Jignesh, na bibi yake. Bibi huitwa Ba.

Na yuko Gopal pia. Gopal ni Krishna, mungu wa Wahindu, akiwa mtoto mchanga. Ni sanamu ya shaba ya manjano, ndogo kama embe. Anatambaa, na mkononi ameshika donge la siagi.

Kila asubuhi Ba humwogesha Gopal. Kisha humfuta na kuimba:

*Nyuma ya masikio. Kwapani. Katikati ya vidole.
Kavu, kavu, kavu!*

Siku moja Ba alisafiri kwenda Shinyanga kumwona dada yake.

"Nitarudi kesho kutwa, jioni," alisema. "Kinju wangu, mwogeshe Gopal. Mkaushe vizuri. Mvishe."

"Ndiyo, Ba!"

Kinjal alimwogesha Gopal. *Chubwi, chubwi.*

"Kinjal! Njoo turuke kamba!" watoto waliita kutoka chini.

Kinjal alimvisha Gopal haraka. Kanzu ya mahameli. Kofia ya mahameli. Akakimbia nje.

Hakufuta nyuma ya masikio. Hakufuta kwapani. Hakufuta katikati ya vidole.

Asubuhi iliyofuata alimvua Gopal kanzu na kofia. Lo! Nyuma ya sikio palikuwa na doa. Doa la kijani.

Moyo wa Kinjal ukapiga: *du, du, du.*

Jignesh akachungulia. "Weee! Umempa Gopal surua! Ba akirudi, utakiona cha mtema kuni!"

"Nyamaza, Jignesh!"

Kinjal alifikiri. Homa ikimshika yeye, Mama humwekea kitambaa chenye maji kwenye paji la uso.

Basi, akachovya kitambaa majini. Akamfunika Gopal, kichwa mpaka miguu.

"Pona, Gopal," alinong'ona. "Tafadhali, pona."

Kesho yake asubuhi akafunua kitambaa. Doa sikioni. Doa kwapani. Doa kwenye kila kidole!

*Du, du, du.*

Na kesho ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa kwa Gopal. Majirani wote wangekuja kumbembeza kwenye kitanda chake kidogo cha bembea.

Je, Gopal atapona? Je, amekasirika? Je, ameondoka, akaacha shaba tupu?

Kinjal alijificha nyuma ya pazia, Gopal kifuani, kitambaa chenye maji mkononi. Hakunywa chai. Hakuruka kamba.

Jioni, ngazi zikalia. *Kwa. Kwa. Kwa.* Ndala za Ba!

*Du, du, du, du, du!*

"Kinju wangu yuko wapi?" Ba aliuliza.

Pazia lilitetemeka.

"Hili pazia lina miguu," Ba alisema. "Na miguu yenyewe naijua."

Kinjal akatoka. Machozi yalimshuka.

"Ba, sikumfuta. Nilimvisha na maji yake. Sasa anaumwa. Ni mimi, Ba."

Ba akamchukua Gopal. Akamtazama sikioni. Akamtazama kwapani.

"Haumwi," akasema. "Shaba ikikaa na maji, huota kutu ya kijani. Na kitambaa hiki chenye maji?"

"Nilimtibu, Ba."

"Masikini Gopal! Umemwongezea maji!" Ba akacheka. "Mguse hapa, kwenye goti."

Kinjal akagusa. Palikuwa na kibonyeo kidogo.

"Nilimwangusha mimi, nikiwa na miaka saba. Nilijificha chini ya kitanda siku nzima. Nilidhani Gopal ataniacha. Hakuondoka. Yupo mpaka leo."

Moyo wa Kinjal ukatulia. *Du… du…*

Jignesh akaja mbio na waya wa kusugulia masufuria. "Tumsugue na huu!"

"We! Rudisha huo waya jikoni! Utamkwaruza pua. Lete ukwaju."

Ba aliloweka ukwaju. Kinjal akampaka Gopal, akamsugua kwa vidole. *Sugu, sugu, sugu.* Kwenye mikunjo, akatumia mswaki laini.

"Sasa suuza," Ba alisema. "Ukwaju usikae sana. Utambadilisha rangi."

Kijani kikaondoka na maji. Gopal akang'aa kama jua la asubuhi!

Kinjal akachukua kitambaa kikavu. Safari hii hakuharakisha.

*Nyuma ya masikio. Kwapani. Katikati ya vidole.
Kavu, kavu, kavu!*

Kisha akamlaza Gopal kwenye kitanda chake kidogo. Kesho majirani watakuja. Watamkuta anang'aa.

Kinjal naye akaoga. Akatoka bafuni anakimbia, huku maji yanadondoka. *Dondo, dondo.*

"Unakwenda wapi na maji hayo?" Ba aliuliza. Akamdaka kwa taulo.

*Nyuma ya masikio. Kwapani…*

"Ba, unanitekenya!"

*…Katikati ya vidole.*

"Unaogopa nitaota kijani, Ba?"

"Sana," alisema Ba. Akambusu sikio, kavu, kavu, kavu.