Niandikie Ulichokula

"Rudia, Sia. Umesema anakula nini?"

"Mbavu, shoga. Mbavu za nguruwe, kitimoto chenyewe. Na mtori wa ndizi pembeni, bakuli kama beseni la kunawia."

Anande akazima draya. Mteja mwenye rola kichwani akageuka kumtazama. Saluni nzima pale Daraja Mbili ikanyamaza, maana ile simu ya Anande, ya tochi, mtu akiongea ndani wanamsikia mpaka wapita njia.

"Una uhakika ni Fanuel?"

"Aisee, mgongo ule Arusha hii uko mmoja tu. Na pikapu yake hii hapa, nimeiegemea. Halafu hayuko peke yake."

"Yuko na nani?"

"Mwanamke. Kanipa mgongo, kajitanda kitenge. Anampakulia, mama yangu! Kwa mahaba kabisa. Sahani ikiisha anaongeza."

"Uko wapi?"

"Kwa Mrombo, nyuma ya bucha. Njoo kabla hajanawa."

Anande akakata simu. Akafungua meseji ya Fanuel iliyoingia muda si mrefu, akaisoma tena kwa macho makavu.

*Mchana: ugali kiasi cha ngumi, mchicha, maharage hayana mafuta. Maji. Nakupenda. F.*

"Marta," akamwambia msaidizi wake, "mtoe dada rola. Mimi naenda kuvunja uchumba."

"Sasa hivi dada? Na maandazi yako nimeshayaleta."

"Yaweke."

Habari yenyewe ilianzia hospitali. Fanuel na Anande walienda kupima damu kabla ya ndoa, kama usharika ulivyotaka. Damu ikatoka safi, wakakumbatiana pale kwenye benchi. Lakini daktari alipomfunga Fanuel kile kitambaa cha presha mkononi, akapuliza, akatazama, akapuliza tena.

"Kijana, unajiandaa kuoa au unajiandaa kuzikwa?"

Fanuel alicheka. Anande hakucheka. Baba yake, Mzee Aristides, alianguka barazani na tonge mkononi. Presha hiyo hiyo. Hakuamka.

Basi jioni ile akatoa sheria.

"Kila kinachoingia mdomoni unaniandikia. Na mimi nakuandikia changu. Hata karanga."

"Hata karanga? Na nikizidisha?"

"Ukizidisha wewe, mimi nalala njaa. Nikizidisha mimi, unalala njaa wewe."

"Hiyo ni adhabu au ni mapenzi?"

"Vyote viwili."

"Haya. Ila mama yako asijue naumwa. Mchaga akisikia mkwe mgonjwa atanirudishia mbuzi zangu."

Wiki ya kwanza Fanuel aliandika ukweli mtupu. *Chipsi mayai. Mishkaki. Nisamehe.* Anande akalala njaa. *Supu na chapati, rafiki kanilazimisha.* Akalala njaa tena. Halafu ghafla meseji zikanyooka: mchicha, matango, ngumi ya ugali. Anande alikuwa anawasomea wateja kama mtu anayesoma barua ya mapenzi. Kitu kimoja tu kilimshangaza, mkanda wa Fanuel haukurudi nyuma hata tundu moja. Akajiambia labda ni mifupa mikubwa. Wameru wa kule kwao Poli wamelelewa kwa maziwa.

Mifupa mikubwa kumbe ilikuwa mezani.

Teksi ilimshusha Kwa Mrombo, Sia akampokea kwa kidole.

"Kule. Yule pale. Nikushikie mkoba au utampiga nao?"

Anande hakujibu. Fanuel alikuwa amekaa kwenye benchi, ubavu mkononi, mashavu yanang'aa. Yule mwanamke wa kitenge alikuwa ameinamia sufuria.

"Fanuel!"

Ubavu ukabaki hewani. Mwanamke akageuka na mwiko wake.

"Mama?"

"Anande! Wewe si uko kazini?"

"Na wewe si uko kwenye maombi ya akina mama usharikani? Kila Ijumaa?"

Mama akatazama huku na huku. Kitabu cha nyimbo kilikuwa kweli kwapani.

"Tumeshaomba," akasema. "Tumeombea chakula."

Sia alicheka mpaka akakaa chini. Shoga alikuwa hajawahi kumwona Mama Anande kwa nyuma.

"Mama, unafanya nini na mchumba wangu?"

"Namlisha! Kosa? Mwanaume mzima anakuja nyumbani anakula majani kama sungura, kila tonge anabonyeza simu. Majirani pale Levolosi wananiuliza, Mama Anande, mkwe wako anaumwa nini? Unajua siku hizi mtu akianza kupungua wanasema nini. Mimi niache mkwe wangu asemwe ameukwaa?"

"Na wewe Fanuel?"

"Mpenzi, mama mkwe amepakua. Mimi nifanyeje, nisukume sahani? Kwetu ukisukuma sahani ya mama mkwe, umemsukuma yeye mwenyewe."

"Si ungeniandikia!"

"Ningekuandikia ungelala njaa. Wiki ile ulivyolala njaa, ukamuunguza mteja sikio. Ukaanza kutembea umeshika ukuta. Nikasema hapana. Bora nidanganye, wewe ule."

"Kwa hiyo umenidanganya kwa ajili yangu."

Fanuel akautazama ubavu. "Kwa ajili yako. Na kwa ajili ya mbavu. Sitaki kusema uongo tena."

Wachoma nyama wakacheka. Anande naye nusura acheke. Akavua pete ya uchumba, akaiweka mezani katikati ya mifupa.

"Mimi sitaki mwanaume wa kunipenda kwa kunidanganya. Baba alikuwa anamwambia Mama dawa amemeza. Kumbe alikuwa anazitupa kwenye migomba. Tuliziokota tulivyorudi kutoka kuzika."

Mama akashusha mwiko taratibu.

"Mbona unamtaja baba yako hapa?"

"Kwa sababu Fanuel ana presha, Mama. Kama ya baba."

Mwiko ukaanguka.

"Fanuel. Kweli?"

"Kweli, Mama."

"Na ukanyamaza? Ukawa unakula? Mimi nakupakulia kwa mkono wangu huu huu, nimeshazika mmoja, unataka nizike wa pili?" Akamchapa begani na kitabu cha nyimbo. "Weka chini huo mfupa!"

"Nimeshaumaliza, Mama."

"Weka hivyo hivyo!"

Akauweka. Mama akakaa kwenye benchi, akajifuta macho kwa pindo la kitenge. Fanuel akapangusa vidole kwenye suruali, akatoa simu, akaanza kubonyeza. Alibonyeza muda mrefu, kichwa chini, kama mwanafunzi kwenye mtihani.

Simu ya Anande ikalia.

*Leo: mbavu nyingi. Mtori bakuli mbili. Ijumaa iliyopita hivyo hivyo. Na ya nyuma yake. Naogopa kufa, na naogopa kukwambia nimeshindwa. Nisaidie. F.*

Anande akaisoma. Akaisoma tena.

"Kakuandikia nini?" Mama akauliza.

"Ukweli."

"Afadhali. Na wewe je? Maandazi ya Marta unayaandikaga?"

"Mama!"

Fanuel akainua kichwa. "Maandazi gani?"

"Mawili tu. Siku moja moja."

"Anande."

"Manne! Kila asubuhi. Saluni inachosha, Fanuel."

"Kwa hiyo mimi nilitakiwa niwe nalala njaa siku zote hizo?"

"Njaa ipi? Ulikuwa unakula mbavu na mama yangu!"

Hapo hata Mama alishindwa, akacheka huku machozi bado yako shavuni. Anande alicheka mpaka akamwegemea Fanuel, na alipomwegemea akasahau kuondoka.

"Sikiliza," akamwambia. "Adhabu nimeifuta. Halali mtu njaa. Anayezidisha anaandika, halafu tunatembea wote wawili mpaka Levolosi. Uongo tu ndio sitaki. Ukinidanganya tena, hata kwa karanga, pete unavaa mwenyewe."

"Nimekubali. Na leo?"

"Leo tunatembea. Na Mama pia."

"Mimi nimekosa nini?"

"Umeombea chakula."

Halafu Anande akamnyooshea Fanuel kidole. "Haya, nipe pete yangu." Fanuel akaiokota, akaifuta kwenye shati.

"Ina mafuta kidogo."

"Nitaandika."

Tangu siku ile Mama akadai afundishwe meseji. Akawa anatuma kwa herufi kubwa kama anaita mtu ng'ambo ya mto. *MKWE AMEKULA MTORI HAUNA CHUMVI. KAKUNJA USO LAKINI KAMALIZA. MAMA.* Fanuel akawa anameza dawa mbele ya shahidi. Mkanda ukarudi tundu la kwanza, ukarudi la pili. Majirani wakaanza kuuliza, Mama akawajibu kwa sauti sokoni: "Ana presha, haumwi mnachofikiria. Na nyie mkapime." Siku daktari alipopuliza tena kile kitambaa, akatikisa kichwa akitabasamu. "Huyu sasa aoe."

Wakaoana. Ukumbi ulijaa, Wachaga upande huu, Wameru upande ule. Ndafu ikaingizwa kwa matarumbeta, mbuzi mzima kasimama amekaushwa vizuri, majani mdomoni. MC akasema bibi harusi amlishe bwana harusi. Anande akakata kipande, akakipeleka mdomoni kwa Fanuel.

Fanuel akainua mkono. "Subirini."

Ukumbi ukashangaa. Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa simu.

"Jamani bwana harusi anampigia nani?" MC akauliza kwenye kipaza sauti.

Fanuel alibonyeza, akarudisha simu, akapanua mdomo, akala. Simu ikalia ndani ya mkoba wa Sia, mpambe. Sia akaitoa, akampa bibi harusi.

*Ndafu. Kipande kimoja. Kutoka mkononi kwa mke wangu. F.*

Anande alicheka mpaka shela likamtoka begani. Halafu akakata kipande kingine.

"Futa hiyo," akamnong'oneza. "Andika viwili. Kesho tutatembea."